UZI: Una homa ya ini C? Soma hapa kabla hujanywa dawa ya "kusafisha ini"

Bint Ngamiani

Wadau, kwema humu? Mimi ni mfamasia, nipo Tanga mjini. Kuna jambo limenikaa rohoni na leo nataka niliseme kwa urefu, maana pale kaunta ya duka la dawa haipatikani nafasi: mgonjwa mmoja anaulizia, nyuma yake foleni, na wote wanasikiliza.

Nawazungumzia watu waliokutwa na virusi vya homa ya ini C. Kwetu Tanzania B ndiyo iliyoenea zaidi, na mengi nitakayosema yanawahusu wenye B pia. Nimeichagua C kwa kuwa C inapona. Virusi vinatoka mwilini moja kwa moja kwa vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanaomaliza dozi wanapona. Ndiyo maana inaniuma kumuona mtu mwenye ugonjwa unaopona akipoteza mwaka mzima, na wakati mwingine ini lenyewe, kwa chupa iliyoandikwa "husafisha ini, figo na nyongo".

Tuanzie kwenye ugonjwa. Virusi vya C hupita kwa damu: damu iliyoongezwa bila kupimwa (siku hizi Damu Salama wanaipima), sindano iliyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, wembe wa chale uliopita kwa wawili, vifaa vya meno au vya kuchora mwili visivyochemshwa. Havipiti kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kunyonyesha. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, kama watatu hivi miili yao huviondoa virusi yenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa yoyote. Hesabu hiyo ishikeni, tutaihitaji mbele. Saba waliobaki wanakaa navyo, na ini haliwaambii kitu. Mtu analima, anazaa, anapandishwa cheo kazini, huku makovu yanajijenga ndani. Baada ya miaka 20 hivi, kati ya 15 na 30 katika kila 100 wenye ugonjwa sugu wanakuwa na ini lililosinyaa. Hapo ndipo tumbo linajaa maji, miguu inavimba, mtu anatapika damu, na saratani ya ini inakuwa jirani.

Sasa kwa nini mitishamba imeshikamana sana na ugonjwa huu? Kuna sababu, na mimi siwalaumu wagonjwa. Virusi vya C vilitambuliwa mwaka 1989. Kwa zaidi ya miaka 20 tiba ilikuwa sindano za intaferoni, wengi kwa wiki 48, pamoja na vidonge vya ribavirini. Homa, kunyong'onyea, nywele kunyonyoka, huzuni nzito, na mwisho wa yote karibu nusu hawakupona. Nani asingetafuta jani? Vidonge vya sofosbuviri, moja ya hizi dawa za sasa za C, vilipoidhinishwa Marekani Desemba 2013, dozi nzima iliuzwa dola 84,000. Leo kuna vidonge vilevile vinavyotengenezwa na viwanda vingine kwa leseni, na zipo nchi zinazovinunua kwa dola 60 hivi kwa dozi nzima. Rwanda wametibu watu wao kwa mpango wa kitaifa. Misri, waliokuwa na C nyingi kuliko karibu nchi yoyote (sindano za kampeni za kichocho za miaka ile ndizo ziliisambaza), walipima watu wazima karibu milioni 50 kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 na kuwatibu waliokutwa nayo. Tiba imebadilika kabisa, ila mazungumzo ya mtaani yamebaki kulekule enzi za intaferoni.

Ini lenyewe linafanya hivi. Unachomeza kikishanyonywa utumboni hupelekwa kwanza kwenye ini kupitia mshipa mkubwa, kabla hakijafika kwingine. Ini ndilo linalovunjavunja kemikali: za panadoli, za pombe, za majani. Halina namna ya kujua kwamba hii imetoka kiwandani na hii imechimbwa mlimani. Ini zima lina akiba, linaweza kuumia kidogo likajitengeneza. Lenye C halina akiba hiyo, linapigana vita vingine tayari.

Juzijuzi kaka mmoja aliniletea kopo alilonunua kwa mtu wa kwenye simu, anaulizia kama anaweza kulitumia. Ana C, amepimwa, hajaanza dawa. Kopo jeupe la plastiki, kifuniko cha kijani, picha ya ini jekundu linang'aa, na maneno makubwa "100% ASILIA". Nyuma, kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilibidi tutoke nje kwenye mwanga, kulikuwa na orodha: dondoo ya manjano yenye kurkumini asilimia 95, dondoo ya pilipili manga, dondoo ya chai ya kijani, silimarini, vitamini A, chuma. Dozi: vidonge viwili mara tatu kwa siku, "hadi upone".

Tuliisoma pamoja, kimoja kimoja.

Manjano. Yale ya kwenye pilau na mchuzi yasikutishe. Kilichomo koponi ni kurkumini iliyokamuliwa ikawa nzito mara nyingi zaidi, na pilipili manga imewekwa makusudi ili mwili unyonye nyingi. Mwaka 2019 Italia walipata wagonjwa kadhaa wa ini, wote wametumia virutubisho vya manjano. Marekani nao wameandika visa vya namna hiyo, na wakaona kwamba watu wenye aina fulani ya jeni wapo kwenye hatari zaidi. Wewe na mimi hatujui kama tunayo jeni hiyo.

Chai ya kijani. Kikombe cha chai, kunywa. Dondoo yake kwenye vidonge ni habari nyingine: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, EGCG, vipimo vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Kopo lile halikuonyesha miligramu hata moja.

Silimarini inatoka kwenye mbaruti wa Ulaya, Silybum marianum, na ndiyo maarufu kuliko zote kwa watu wa ini. Hii niseme haki yake: haijaonekana kuwa sumu. Ila ilipimwa kwa uzito Marekani. Wagonjwa 154 wa C ambao intaferoni ilishindwa kuwatibu walipewa ama silimarini kwa dozi kubwa ama kidonge kisicho na dawa, wiki 24. Majibu yalichapishwa 2012. ALT zao, yaani kipimo kinachoonyesha seli za ini zinavyoumia, hazikutofautiana, wala wingi wa virusi.

Vitamini A ikizidi hurundikana kwenye ini lenyewe na kuliumiza. Chuma, halikadhalika: wagonjwa wengi wa C tayari chuma kimejilundika kwenye ini, na kukiongeza ni kuchochea uharibifu. Hii nawaomba mnisikie, maana kwetu mtu akijisikia mchovu kidogo tu anaambiwa "kanywe dawa ya kuongeza damu". Mwenye C asinywe vidonge vya chuma mpaka damu ipimwe na ionekane kweli ina upungufu.

Kwa hiyo kopo lile lilikuwa na vitu vinne vinavyoweza kuumiza ini, kimoja kinachovisaidia viingie, na kimoja kisicho na faida aliyokuwa anaitafuta. Bei yake sitaitaja, ila ilinisikitisha.

Nina mengine ya kusema, hasa mitishamba inayoua nguvu za vidonge vya C. Nitaendelea. Ulizeni.

---

Kitwana72

Dada asante kwa elimu. Ila naomba niwe mkweli. Babu zetu waliishi kwa mizizi na majani, mwarobaini, mlonge, shubiri, na walifika miaka 90. Hospitali zimekuja na makemikali ndiyo tunaona maini na figo zinakufa. Huoni kama mnapigia debe dawa za viwandani?

---

Bint Ngamiani

Kaka Kitwana, swali lako ni la wengi na nalijibu kwa heshima.

Wapo waliofika 90. Wapo pia waliokufa na 45 tumbo limejaa maji, macho ya njano, na ukoo ukasema amerogwa. Hawa hatuwahesabu kwa sababu hawakupimwa. Virusi vya C vyenyewe havikuwa na jina hadi 1989, kwa hiyo hakuna babu aliyejua kama anatibu C au anatibu malaria.

La pili, babu alichemsha majani, akanywa siku tatu nne, akaacha. Hakunywa kapsuli za dondoo mara tatu kwa siku kwa miezi sita. Na hakunywa akiwa kwenye dozi ya sofosbuviri na dawa ya presha.

Mimi siupingi mti. Dawa ya mseto ya malaria tunayotoa kila siku imetokana na mmea, Artemisia annua. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Mmea ukiwa na nguvu ya kutibu, una nguvu ya kudhuru pia, na hapo ndipo dozi inapokuwa na maana. Hata hiyo Artemisia: mwaka 2009 Marekani waliandika habari za mtu aliyepata ugonjwa wa ini baada ya kutumia kirutubisho chenye artemisinini.

Mwarobaini ulioutaja, mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na kuharibika ini walipomezeshwa. Shubiri ya kunywa, visa vya ini vimeandikwa, wengi wakapona walipoacha. Mlonge ukipikwa kama mboga ni chakula, kula bila wasiwasi.

Kuna takwimu moja nitakupa. Marekani wana mtandao wa hospitali unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa, unaitwa DILIN. Walipoanza 2004, mitishamba na virutubisho vilikuwa asilimia 7 ya visa vyao. Miaka kumi baadaye, asilimia 20. Dawa za hospitali nazo zimo humohumo kwenye orodha, na nyingi tu, hakuna aliyezificha. Tofauti ni kwamba dawa ya hospitali ina kiasi kinachojulikana na mtu wa kumuuliza.

---

mamaZuu

Shikamooni wakubwa, wengine marhaba. Dada Bint, mimi nina ushahidi wa tofauti na wako. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakwenda Oman kufanya kazi. Kwenye vipimo vya safari akakutwa na C, safari ikafa. Nyumbani tulilia. Tukapelekwa kwa mtaalamu mmoja, akampa dawa za kunywa miezi mitatu, chupa baada ya chupa. Tukaenda kupima kwingine, hospitali kubwa, kipimo cha gharama, wakasema hana virusi. Sasa hiyo mtaiitaje?

---

Bint Ngamiani

Marhaba mamaZuu, na poleni sana na safari ile. Nafurahi mdogo wako hana virusi, hilo ndilo kubwa. Nisaidie jambo moja: kile kipimo cha kwanza, cha safari, kilikuwa cha namna gani? Cha kuchoma kidole au kuchukua damu kidogo na majibu siku hiyohiyo?

---

mamaZuu

Ndiyo, siku hiyohiyo. Cha pili ndicho tulisubiri siku kadhaa, kimeandikwa PCR.

---

Bint Ngamiani

Basi nielezee, na naomba wote mliokutwa na C kwenye vipimo vya Ghuba msome hapa, maana mpo wengi na mnaumizwa sana.

Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na virusi. Hakisemi kama virusi vipo leo. PCR ndicho kinachotafuta virusi vyenyewe. Sasa ile hesabu niliyosema mwanzo: watatu katika kila 10 wanaviondoa wenyewe. Mtu huyo atabaki na kingamwili miaka na miaka, na kipimo cha haraka kitaendelea kusema "ipo" ingawa virusi havipo. Tena mara nyingine kipimo cha haraka hukosea tu.

Kwa hiyo mdogo wako huenda hakuwa na virusi hata siku ile anakatazwa kusafiri. Hatuwezi kusema kwa hakika, kwa sababu PCR haikufanywa kabla ya zile chupa. Ila hakuna mmea hata mmoja uliothibitishwa kuviondoa virusi vya C mwilini, na mwili wa binadamu kuviondoa wenyewe kumethibitishwa mara nyingi sana. Mtaalamu mwenye wagonjwa 10 atakuwa na watatu wa kumshuhudia hata akiwapa maji ya bomba. Wale saba hawarudi kutoa ushahidi, wanarudi miaka 15 baadaye, hospitalini.

Na wapo wanaonunua dawa za "kufuta C kwenye kipimo" ili wapite safari. Kingamwili haifutwi na dawa yoyote, hata vidonge vya hospitali haviifuti. Ukikutwa nayo, hatua ya kwanza ni PCR. Basi. Usimeze chochote kabla ya hapo.

Mdogo wako naye apimwe ALT na mwenzake AST, vipimo vya ini, kwa ajili ya zile chupa za miezi mitatu. Ni kipimo cha bei ndogo.

---

Tabibu wa Handeni

Assalaam aleikum. Mimi ni mtabibu wa tiba asili, nimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kazi hii nimerithi kwa baba. Nimeusoma uzi wote na sikuona matusi kwa kazi yetu, nashukuru.

Naongeza la upande wangu. Tatizo kubwa la sasa ni soko. Zamani mti niliuchimba mwenyewe, naujua mlima, naujua msimu, naujua unapochanua. Leo mtu ananunua unga sokoni kwa kilo, hajui ni gome la nini, anauchanganya, anaweka stika. Majani mengine yanafanana mpaka mzee akisimama mbali anakosea. Na unga ukianikwa vibaya unaota ukungu, unasagwa hivyohivyo.

Mgonjwa mwenye macho ya njano na mkojo wa rangi ya kokakola mimi simpi kitu. Namwambia aende hospitali. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijasikia habari za virusi. Lakini dada, na nyinyi watu wa hospitali muache kuwafokea wagonjwa wakisema wametoka kwetu. Ndiyo maana wanawaficha.

---

Bint Ngamiani

Waaleikum salaam mzee wangu. Hilo la mwisho umeligonga penyewe. Mgonjwa akifokewa mara moja, hasemi tena, na sisi tunatibu gizani. Wenzangu wa kada ya afya mliomo humu, tuulize kwa upole: "Mama, nyumbani unakunywa nini kingine?" Tusiulize "umekunywa madawa ya kienyeji wewe?"

Na la kufanana kwa majani nitaliongezea. Kuna familia za mimea zenye sumu inayoziba mishipa midogo ndani ya ini. Marejea na jamii yake, Crotalaria, baadhi yake wanayo, Heliotropium wanayo, mmea wa Ulaya, Symphytum, unaouzwa sana kwenye chai za "afya", unayo, na Marekani waliutoa kwenye virutubisho vya kumeza mwaka 2001. Kule Jamaika watoto walikufa kwa chai za majani ya kundi hili. Afghanistani, miaka ya 1970, magugu ya Heliotropium yalichanganyika na ngano shambani, vijiji vikaugua tumbo kujaa maji. Hakuna aliyekusudia ubaya. Jani la pembeni lilivunwa pamoja na lililotakiwa.

Ukungu nao: sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara ilipoteza watu kupitia mahindi. Sumukuvu ikikutana na ini lenye homa ya B au C, saratani inakaribia zaidi. Kwa hiyo mwenye C achambue mahindi na karanga zake kama anavyochambua dawa. Punje iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au nyeusi, usiioshe ukasema imetakata. Tupa, na kuku usimpe.

Kuna jambo moja zaidi la sokoni. Baadhi ya unga na chupa zinazouzwa kama mitishamba, zikipimwa maabara zinakutwa na dawa za hospitali ndani yake: diklofenaki, deksamethasoni, paracetamol, sildenafili. Ukisikia mtishamba "unaondoa maumivu dakika kumi" au "nguvu usiku huohuo", shtuka.

---

Shababi wa Mvita

Shukran sana dadangu, nakusoma kutoka Mombasa. Huku kwetu habbatsauda na asali ni kila nyumba. Baba ana C, daktari amesema makovu bado si mengi, aanza dawa mwezi ujao. Swali: habbatsauda aache? Na je, miraa? Jioni lazima akae barazani na wenzake.

---

Bint Ngamiani

Mpe baba shikamoo yangu.

Habbatsauda iliyonyunyizwa kwenye mkate au kijiko kimoja na asali, sina ugomvi nayo. Zipo tafiti ndogo juu yake, hazitoshi kumwambia mtu aitegemee kutibu C. Ninachoomba: katika wiki 12 za dozi aweke kando mafuta yake ya kapsuli na dondoo zote nzito. Ni muda mfupi. Vidonge vile vinataka viachwe vifanye kazi peke yake, na ALT ikipanda katikati daktari ajue mara moja sababu, asianze kubahatisha.

Miraa ndugu yangu aache, na muguka pia. Uingereza na kwingineko wameandika visa vingi vya ini kuumia kwa watafunaji, baadhi yao wakafika kuhitaji ini la kupandikizwa. Akae barazani, azungumze, anywe kahawa chungu. Kahawa nasema kwa makusudi: kwa watu wenye C, wanywaji wa kahawa wameonekana makovu yao yanakwenda polepole. Sukari apunguze.

Pombe najua siyo swali lako, ila kwa wengine wanaosoma: hata kidogo, hapana.

Panadoli asiiogope akiwa na homa au kichwa. Mwenye ini lenye makovu asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Watu wengi wanaikimbia panadoli wanakwenda kwa diklofenaki, ambayo kwa ini lililosinyaa ni mbaya zaidi, inaweza kuharibu figo na kuvujisha damu tumboni.

---

Msafiri wa Chumbageni

Mleta uzi, uliahidi kusema mitishamba inayoua nguvu za vidonge vya C. Mimi ndiye ninayehitaji hiyo sehemu. Kaka yangu mkubwa alikuwa anajidunga unga, ameacha, sasa yupo kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, na anaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Amekutwa na C, na wiki iliyopita amekutwa na kifua kikuu. Kuna mtu anamwambia anywe mchanganyiko wa kuimarisha mwili ili ahimili madawa yote hayo. Tufanyeje?

---

Bint Ngamiani

Kaka, hongera kwa kusimama na ndugu yako. Kuacha kujidunga na kubaki kwenye methadoni ni kazi kubwa kuliko watu wanavyojua.

Kwanza mitishamba. Kuna mmea unaitwa Hypericum perforatum, kwenye makopo utauona umeandikwa "St. John's wort". Unauzwa kwa ajili ya huzuni, msongo na usingizi. Huu ni marufuku kabisa kwa anayetumia vidonge vya C, yaani sofosbuviri, velpatasviri au daklatasviri. Unaamsha pampu kwenye ukuta wa utumbo zinazorudisha dawa nje, na unachochea vimeng'enya vya ini viivunje dawa haraka. Kidonge umemeza, ila damuni kimefika kidogo. Virusi vinanusurika, mgonjwa anabaki navyo, tena vikiwa vimejifunza kuikwepa dawa. Kwa mtu wa methadoni ni hatari maradufu, kwa sababu methadoni nayo inashushwa, anaanza kutetemeka na kutokwa jasho, na kishawishi kinarudi.

Sasa TB. Rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, inafanya kitu hichohicho kwa vidonge vya C. Kwa hiyo kwa kawaida TB hutibiwa kwanza hadi mwisho, C inafuata. Asishangae akiambiwa asubiri; si kwamba wamemtupa. C inakwenda polepole, TB haisubiri. Rifampisini inashusha methadoni pia, kwa hiyo kliniki ya methadoni lazima ijue leo hii, wamwongezee dozi kwa utaratibu wao. Asikae na arosto kimya kimya akaishia kurudi mtaani. Akishafika zamu ya vidonge vya C, methadoni yenyewe haigombani navyo.

Huo mchanganyiko wa kuimarisha mwili, hapana. Dawa za TB zenyewe zinaligusa ini, na lake lina C. Akiongezewa chupa isiyojulikana, siku macho yakiwa ya njano madaktari watalazimika kusimamisha dawa zote za TB bila kujua mkosaji ni nani. Cha kuimarisha mwili ni chakula: maharage, dagaa, mayai, uji, matunda. Mayai na samaki mwenye C hakatazwi, hiyo imani ya "ini halitaki protini" inawadhoofisha watu bure.

Mambo ya kumuuliza daktari kabla vidonge vya C havijaanza. Apimwe B. Mtu mwenye B iliyolala, C ikiondolewa, B inaweza kuamka kwa nguvu. Marekani waliweka onyo kali juu ya hilo mwaka 2016. Akiwa hana B wala kinga yake, achanjwe, kwa kuwa C yenyewe haina chanjo. Ataje dawa zote: za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zinashusha vidonge vya C, amiodaroni ya moyo pamoja na sofosbuviri inaweza kusimamisha mapigo, na akipewa velpatasviri basi omeprazo na dawa za kutafuna za kiungulia azitaje pia, zinazuia isinyonywe.

---

Msafiri wa Chumbageni

Nimeelewa, Mungu akulipe. Kesho nampeleka kliniki ya methadoni, nitawaambia kuhusu rifampisini. Hapo katikati, dalili gani nikiziona nisisubiri tarehe ya kliniki?

---

Bint Ngamiani

Macho kuwa ya njano. Mkojo mweusi kama chai ya rangi (ule wa chungwa wa rifampisini ni wa kawaida, huu ni wa giza zaidi), choo kupauka. Kuwashwa mwili mzima bila vipele. Kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula kunakoendelea siku mbili tatu. Maumivu chini ya mbavu za kulia. Tumbo kuvimba, kutapika damu, au kuongea ovyo na kusinzia mchana: hizo ni za usiku huohuo, msisubiri kupambazuke.

Siku hiyo beba kila alichokuwa anameza, na chupa zenyewe, hata kama lebo imetoka. Maabara wanaweza kuhitaji kilichomo, na daktari anaweza kutoa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Na siku atakapomaliza vidonge vya C, kuna wiki nyingine 12 za kungoja ndipo PCR irudiwe. Ikisoma hakuna virusi, amepona. Ila kama atakuwa tayari na ini lililosinyaa, ultrasaundi kila miezi sita iendelee, kwa sababu virusi vikiondoka makovu yanabaki na saratani inaweza kuja. Na kupona hakumpi kinga: akishirikiana sindano tena, anaambukizwa upya.

mamaZuu, nimeuona ujumbe wako wa pembeni. Ndiyo, ALT na AST vinapimwa hata hospitali ya wilaya, na hahitaji kufunga kula. Aende asubuhi, aseme amekunywa nini na kwa muda gani.